Kumwimba Stephen Sondheim baada ya kifo chake: tuliyoyapitia Chicago

Stephen Sondheim, Mmarekani mtunzi wa tamthilia za muziki, alifariki Ijumaa, tarehe 26 Novemba 2021, nyumbani kwake Roxbury katika jimbo la Connecticut, akiwa na miaka 91. Marekani ilikuwa kwenye mapumziko ya Sikukuu ya Shukrani, na jana yake tu alikuwa amekaa mezani na marafiki. Usiku ule kundi la WhatsApp la kwaya yetu ya mtaani, hapa Chicago, halikulala. Mmoja alituma wimbo, mwingine akatuma picha, wa tatu akaandika kwamba tumfanyie kumbukizi. Sote tukaitikia.

Hayo ya kuitikia yaliisha usiku huohuo. Yaliyofuata yalitushika majira yote ya baridi, yakala fedha kuliko tulivyokadiria, na yakawakosanisha watu wanaopendana. Ninayaandika kwa ajili ya mwanakwaya mwenzangu, awe Minneapolis, London, Nairobi au Mwanza, ambaye siku moja atataka kumkumbuka mtunzi mkubwa kwa kuziimba kazi zake.

Dada yangu aliye Moshi alinipigia siku ile akasikia nimelia. "Kwani huyo mzee ni nani yenu?" Nikamjibu kwamba ni mwalimu wangu, ingawa hatukuwahi kuonana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, pole mdogo wangu. Mwalimu naye huliliwa."

Kwa wasiomfahamu, nimweleze. Sondheim alizaliwa New York tarehe 22 Machi 1930. Wazazi wake walitengana akiwa na miaka kumi hivi, akahamia Pennsylvania na mama yake, jirani na nyumba ya Oscar Hammerstein II, mmoja wa watunzi wa maneno wakubwa kabisa wa Broadway, yaani kumbi kuu za tamthilia za New York, zama zile. Akafanya urafiki na mtoto wa Hammerstein, na polepole akawa mtoto wa nyumba ile. Alipokuwa na miaka kama 15 aliandika tamthilia ya muziki kuhusu shule yake, akampelekea mzee huku akitumaini sifa. Hammerstein akamwambia ndiyo kazi mbaya kuliko zote alizowahi kusoma. Kisha akakaa naye mchana kutwa, wakaipitia mstari kwa mstari, akimwonyesha ilipovunjika na sababu yake. Sondheim alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni, na alisema mchana ule mmoja ulimfunza zaidi ya yale ambayo wengi hujifunza katika maisha yao yote. Baadaye mzee akampa zoezi la kuandika tamthilia nne: ya kwanza itokane na mchezo wa kuigiza anaoupenda, ya pili itokane na mchezo anaouona una kasoro, ya tatu itokane na hadithi ambayo haikuandikwa kwa ajili ya jukwaa, na ya nne aibuni mwenyewe.

Akiwa na miaka 27 tayari maneno yake yalikuwa Broadway, katika West Side Story ya mwaka 1957. Mwaka 1959 ikafuata Gypsy. Kuanzia 1962 akawa anatunga muziki na maneno kwa pamoja, jambo ambalo Broadway si wengi waliliweza kwa kiwango hicho. Miaka ya 1970 akiwa na mwongozaji Harold Prince alitoa Company, Follies, A Little Night Music, Pacific Overtures na Sweeney Todd, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Kisha akaungana na James Lapine wakatoa Sunday in the Park with George, iliyopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1985, na Into the Woods mwaka 1987. Mwaka 2015 Rais Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais.

Kilichonivuta mimi kwake ni vina. Shule ya msingi tulikaririshwa mashairi, na mwalimu wetu hakukubali kina cha kubabaisha. Sondheim naye hakukubali. Muziki wa siku hizi umejaa maneno yanayokaribiana sauti tu, lakini yeye alitaka vina kamili, tena mara nyingi vya kati na vya mwisho katika mstari mmoja, na bado sentensi isikike kama mtu anazungumza. Kina chenyewe alikipima kwa mdomo wa mhusika. Wimbo wa "I Feel Pretty" katika West Side Story, unaopendwa dunia nzima, yeye aliuonea aibu hadi kufa kwake. Alisema Maria ni binti aliyetoka Puerto Rico, anafanya kazi ya kushona, na vina vya ujanja kiasi kile visingemtoka kinywani. Yaani vina ni safi na mizani imekaa, na bado mtunzi anasema alikosea kwa sababu anayesikika ni yeye, wala si msichana. Mimi niliyelelewa kuamini kwamba shairi likitimiza vina na mizani limekamilika, jambo hilo lilinitikisa.

Turudi kwenye kumbukizi. Jumapili ya tarehe 28 Novemba, siku mbili baada ya kifo, waigizaji na waimbaji wa Broadway walikusanyika Times Square wakaimba "Sunday", wimbo unaofunga sehemu ya kwanza ya Sunday in the Park with George. Lin-Manuel Miranda, naye mtunzi wa tamthilia za muziki, alisoma sehemu ya kitabu cha marehemu. Video zilitufikia siku hiyohiyo, na kila mtu kwenye kwaya akataka tuuimbe huo. Hapo ndipo nilipoteuliwa kuwa mratibu, pengine kwa kuwa ndiye niliyekuwa nauliza maswali mengi.

Swali la kwanza la mratibu liwe la hakimiliki. Msianze na ukumbi wala sare. Nyimbo za Sondheim zina wenyewe, na zitaendelea kuwa nao kwa miaka mingi. Nitaeleza kwa sheria ya Marekani kama tulivyoelekezwa, nanyi mlio kwingine mwulize chama cha hakimiliki cha nchi yenu. Kuimba wimbo mmojammoja, mmesimama kama kwaya, ni aina moja ya ruhusa, na kwa kawaida hupatikana kupitia vyama vya watunzi kama ASCAP, ambako Sondheim alikuwa mwanachama. Mkivaa mavazi ya wahusika, mkaweka mazungumzo ya tamthilia katikati ya nyimbo, mkaigiza kisa, mmeingia kwenye ruhusa nyingine kabisa, ile ya tamthilia, ambayo kwa kazi zake nyingi hutolewa na kampuni ya Music Theatre International. Kijana mmoja wetu alikuwa ameshachora mavazi ya Into the Woods, mbwamwitu na kofia nyekundu, na alikuwa na kipaji kwelikweli. Ilitubidi tumkatalie, naye akakasirika wiki nzima. Tungemwambia siku ya kwanza asingepoteza usiku wake.

Kuna mengine ambayo watu wa kwaya za kanisani hatuyajui. Kuwa ndani ya kanisa hakukulindi: msamaha wa sheria ni kwa muziki unaoimbwa ndani ya ibada, na tamasha la Jumamosi jioni si ibada. Upo msamaha kwa onyesho lisilo la biashara, lakini masharti yake ni kwamba waimbaji, wapigaji na waandaaji wasilipwe na kiingilio kisiwepo, au kikiwepo, faida yote iende kwenye elimu, dini au hisani na mwenye hakimiliki asiwe amepinga. Sisi tulimlipa mpiga piano na tukaweka kiingilio, kwa hiyo tukakata leseni ya onyesho. Ulizeni pia kama ukumbi wenyewe tayari una leseni ya mwaka. Kumbi nyingi huwa nayo na mnaweza kuokoa fedha. Kuchapa maneno ya nyimbo kwenye ratiba ya kugawia watu kunahitaji kibali cha mchapishaji. Kurekodi video na kuiweka mtandaoni ni kibali kingine tena. Tulitamani sana kurusha mubashara ili ndugu zetu Moshi na Nairobi watuone, na tulipojua yanayohitajika tukaacha. Hilo liliniuma kuliko mengine yote, maana dada aliniuliza kila wiki ataonaje.

Na nota nunueni. Kutoa fotokopi ya nakala moja ili iwatoshe waimbaji wote ni desturi tuliyotoka nayo nyumbani, ambako kitabu kimoja cha nyimbo kilikuwa cha usharika mzima. Hapa tulinunua nakala kwa kila mwimbaji, na hesabu yake ilitushtua.

Tulipanga kumbukizi iwe Januari. Wimbi la korona la Omicron likaja, ukumbi wa kwanza ukafunga milango, na arubuni yetu haikurudi. Mkataba ulisema hivyo kwa maandishi madogo. Basi kwenye mkataba wenu dai mstari unaosema nini kitatokea endapo wenye ukumbi ndio watakaoahirisha. Tukasogeza hadi mwishoni mwa Machi, karibu na siku yake ya kuzaliwa, na kwa kweli tarehe hiyo ilitufaa zaidi. Januari tusingekuwa tayari.

Tusingekuwa tayari kwa sababu hatukujua ugumu wa tulichokuwa tumekishika. Wengi wetu tumekulia kwenye solfa. Mwalimu anaandika do, mi, so ubaoni, kila sauti inajifunza mstari wake, na kinanda kikiwepo kinatupigia zilezile tunazoimba. Muziki wa Sondheim haukushiki mkono namna hiyo. Piano ina safari yake. Unaingia wakati vidole vya mpiga piano viko kwenye sauti inayogongana na yako kwa makusudi, na ukisita, umepotea. Mapigo hubadilika katikati ya sentensi kwa sababu mtu anayezungumza naye hubadilika katikati ya sentensi. Sauti ya tatu na ya nne walikata tamaa mapema; mmoja, fundi wa kwaya kutoka Bukavu mwenye sauti nzito inayotetemesha madirisha, aliweka nota mezani akasema hii si kazi ya watu wenye kazi nyingine.

Mpiga piano ndiye aliyetuokoa. Alikuwa msanii wa maonyesho, na malipo yake yalikula zaidi ya nusu ya fedha yote tuliyokuwa nayo. Kwenye kikao cha bajeti wapo waliosema tutafute wa bei nafuu, au tutumie muziki uliorekodiwa. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Kwa mtunzi huyu piano ni mhusika mmojawapo. Ukimlipa vizuri mpiga piano mzuri ukabaki na waimbaji wa kawaida, kumbukizi itasimama. Na aje tangu mazoezi ya mwanzo, asisubiriwe wiki ya mwisho.

Alitubadilishia utaratibu wote. Alituambia tufunge nota, tusome maneno kwa sauti kama mazungumzo, mara nyingi, mpaka kila mtu aweze kusema anamwambia nani na anataka nini kwake. Kisha tuyasome kwa mapigo bila sauti ya wimbo. Kisha tuhesabu mapumziko, maana kwa Sondheim ukimya umeandikwa kwa makusudi kama zilivyoandikwa nota, na mwimbaji anayeujaza kwa pumzi ndefu ameharibu. Mwisho kabisa ndipo tuimbe. Tuliona ni kupoteza muda, lakini yule fundi wa Bukavu, aliyekuwa ameweka nota mezani, ndiye wa kwanza kuushika mstari wake wote. Alituzuia pia kujifunza kwa kufuata rekodi za mtandaoni, kwa sababu waimbaji mashuhuri huvuta na kukata wanavyopenda, na ukiiga mvuto wao bila kujua ulitoka wapi unabaki na kivuli. Badala yake alirekodi kila sauti peke yake kwenye simu akatutumia, nami nilisikiliza yangu kwenye treni nikienda zamu ya usiku.

Kuchagua nyimbo kulituletea ugomvi mkubwa kuliko wote, na hapa nitakaa kidogo.

Karibu kila mwimbaji wa kike alitaka "Send in the Clowns". Ni wimbo wake uliosikika zaidi nje ya jukwaa. Mwaka 1976 ulipata tuzo ya muziki ya Grammy kama Wimbo wa Mwaka, baada ya mwimbaji Judy Collins kuurekodi. Ilibidi tujifunze ulivyozaliwa ndipo tujue apewe nani. Sondheim aliuandika mazoezi ya A Little Night Music yakiwa yameshaanza, mwaka 1973, kwa ajili ya mwigizaji Glynis Johns. Sauti ya Johns ilikuwa nzuri lakini haikuweza kushikilia nota ndefu. Basi akatunga vifungu vifupi, vingi vikiwa maswali, ili mwigizaji avute pumzi na asilazimike kung'ang'ania nota. Anayeimba ni mwanamke wa makamo ambaye amemtaka mwanamume aliyempenda zamani, amekataliwa, na anajizuia asivunjike mbele yake. Kumbe sauti zetu kubwa, zile za kupaa juu ya kwaya yote Jumapili ya Pasaka, ndizo zisizoufaa. Tulimpa mama mmoja mwenye sauti ndogo ambaye kwa miaka yote alisimama mstari wa nyuma. Waliokosa walinuna, wawili hawakuja mazoezi mara kadhaa. Ningewaita kuwaeleza sababu kabla ya kutangaza.

Baba mmoja alitaka kumwimbia mtoto wake mchanga "Not While I'm Around", kwa kuwa ni wimbo wa kuahidi ulinzi na una utamu wa bembelezo. Unatoka Sweeney Todd. Kijana Tobias anamwimbia Bi Lovett kwamba hakuna atakayemdhuru, bila kujua kwamba mama huyo anashirikiana na muuaji, na muda mfupi baadaye huyohuyo anamfungia chini kwenye chumba cha tanuri. Muziki unajua: anapojibu Bi Lovett, piano chini yake haitulii. Baba yule alipoelezwa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema bado atauimba, ila hatautoa zawadi kwa mtoto. Atauimba kama Tobias. Nadhani ndiye aliyeimba vizuri kuliko wote.

Vivyo hivyo "No One Is Alone" ya Into the Woods. Watu huuimba misibani kama faraja tupu, kwamba hauko peke yako. Upo upande huo. Lakini unaimbiwa watoto wawili ambao wazazi wao wamekufa na dunia yao imevunjika, na upande wa pili wa maneno yake ni kwamba tendo lako linawagusa wengine, na hata unayemwona adui ana watu wake. Ukiimba upande mmoja tu unakuwa mtamu na mwepesi. Kwa hiyo neno langu kwa anayeandaa: kila wimbo wa Sondheim una mtu, mahali na saa. Msimpangie mtu wimbo kabla hajasoma au kutazama tamthilia nzima, walau mara moja.

"Getting Married Today" ya Company tuliujaribu tukauacha. Unakimbia mno, na ulimi uliozoea irabu za Kiswahili kila mwisho wa neno unajikwaa kwenye konsonanti zile zilizorundikana. Wenye lugha yao nao hujikwaa.

Na "Sunday". Tamthilia yenyewe inahusu mchoraji Georges Seurat na ule mchoro wake mkubwa wa watu wakipumzika kando ya mto Jumapili, aliouchora kuanzia 1884 hadi 1886 kwa vidoti vya rangi visivyohesabika. Mchoro huo uko hapahapa Chicago, kwenye jumba la makumbusho la Art Institute, na nilikuwa nimeishi mji huu miaka mingi bila kwenda kuutazama. Tulikwenda kwaya nzima siku moja ya Februari, barakoa usoni. Una urefu wa mita 3 hivi kwa kimo cha mita 2. Ukiusogelea unaona madoa ya rangi tu. Ukirudi nyuma, mwanamke na mwavuli wake wanajitokeza, na nyani, na maji. Tukaelewa kwa nini wimbo umeandikwa ulivyoandikwa: maneno yake karibu yote yanataja rangi, nyasi, maji na kivuli, moja baada ya jingine, kama mkono unaoweka vidoti. Jukwaani, kabla ya wimbo kuanza, wahusika wanagombana na kupigiana kelele. Mchoraji anawapanga mmojammoja mahali pake, na ugomvi wote unatulia kuwa mchoro. Sondheim ameandika kwamba neno lililomliza katika wimbo huu ni lile la "milele", alipowafikiria watu wale wa kawaida ambao hawakujua wataishi milele ndani ya picha. Tuliporudi mazoezini hakuna aliyehitaji kuambiwa aimbe kwa hisia. Waliokuwa hawasemeshani tangu mgao wa nyimbo walisimama bega kwa bega, wala sikuwapanga mimi.

Siku hiyo ndipo mama mmoja mstaafu, aliyefundisha Kiingereza sekondari maisha yake yote, alitoa barua kwenye mkoba. Alikuwa amemwandikia Sondheim zamani kumshukuru, hakutarajia jibu, na jibu likaja, fupi, limepigwa taipu, na sahihi chini. Sondheim alifanya hivyo kwa maelfu ya watu: walimu, wanafunzi, waigizaji wachanga. Alivyotendewa na Hammerstein ndivyo naye alivyowatendea wengine. Jonathan Larson, aliyeandika tamthilia ya muziki ya Rent, alipata moyo kwake akiwa bado hana jina. Tuliipitisha barua ile mkono kwa mkono. Niliposhika zamu yangu nilitetemeka, na sikuona haya. Mimi sikuwahi kumwandikia. Nilidhani mtu mkubwa vile hasumbuliwi. Kama yupo mtunzi unayempenda na bado yu hai, mwandikie wiki hii.

Wasifu wa marehemu ndio niliouandika mimi, na nataka kuwatahadharisha. Nilichokikuta kwenye vyanzo vya haraka kilikuwa na makosa tele. Wengi humpa Sondheim muziki wa West Side Story. Muziki ni wa Leonard Bernstein. Muziki wa Gypsy ni wa Jule Styne. Tena yeye mwenyewe alisisitiza siku zote kuwa waandishi wa tamthilia ndio waliompa watu wa kuwaimbia, kwa hiyo wasifu usiowataja akina Lapine, Hugh Wheeler, George Furth na John Weidman, au Jonathan Tunick aliyezipanga nyingi ya kazi zake kwa okestra, ungemkosea. Na msifiche yaliyoanguka. Anyone Can Whistle ya 1964 ilifungwa baada ya maonyesho 9. Merrily We Roll Along ya 1981 ilifungwa baada ya 16, na pigo hilo lilivunja ushirikiano wake na Prince kwa miaka mingi. Baadaye Merrily ilirudi Broadway mwaka 2023 ikashinda Tony, tuzo ya Broadway, ya 2024 kwa kazi iliyofufuliwa, miaka miwili na ushee baada ya yeye kufariki. Nilipowasomea wanakwaya sehemu ya maanguko, vijana wetu walisikiliza sehemu hiyo kuliko ile ya tuzo.

Wekeni kikomo cha hotuba. Sisi watu wa misiba mirefu tunajua msemaji akishapewa kipaza sauti. Tuliruhusu watu watatu waseme, na mmoja akatumia muda wa nyimbo mbili kuzungumzia safari yake mwenyewe ya sanaa. Tulilazimika kuukata wimbo mmoja uliofanyiwa mazoezi tangu Desemba, na mwimbaji wake alilia chumba cha nyuma. Hilo halirekebishiki. Mwenye kusema asome kutoka kwenye karatasi iliyopitiwa, na mratibu awe na ujasiri wa kumshika mkono.

Jioni yenyewe watu walijaa kuliko tulivyotegemea, wengi wakiwa Watanzania, Wakenya na Wakongo ambao hawakuwahi kulisikia jina la Sondheim hadi tulipowaalika. Mzee mmoja kutoka Mombasa, mjuzi wa mashairi, alikaa mbele na kuinamisha kichwa kila kina kilipofungwa. Mwisho aliniita. "Mwanangu, huyu bwana alikuwa malenga. Niandikie maneno yake nikayasome." Nikamweleza habari ya kibali cha kuchapa, kisha nikamwazima kitabu changu cha nota kwa wiki mbili. Alikirudisha kikiwa na alama za penseli kwenye kila kina cha kati.

Fedha haikutosha. Kiingilio kilirudisha leseni, ukumbi na sehemu ya nota. Malipo ya mpiga piano tuliyamalizia sisi wanakamati mifukoni mwetu, na mimi nilichukua zamu za ziada hadi Mei. Wekeni hilo kwenye bajeti tangu mwanzo, muafikiane kwa maandishi nani atabeba pengo, ili mtu asije akalibeba kwa kinyongo.

Kama kwaya yenu ni ndogo na hamjawahi kumgusa, anzeni na "No One Is Alone", kisha "Children Will Listen" ya tamthilia hiyohiyo. Zina sauti zinazofikika na nota zake zilizopangiwa kwaya zinauzwa. "Sunday" iwekeni mwaka wa pili, na muwe na sauti ya kwanza na ya tatu zisizoogopa juu. "Send in the Clowns" mpeni mtu aliyewahi kukataliwa. Fundi wa Bukavu sasa anataka tuimbe "Our Time", wimbo wa mwisho wa Merrily We Roll Along, na nakala za nota tumeshaziagiza, moja kwa kila mtu.